ASKARI ALIJUA NINI KABLA YA KUSHIKA?



Tuna swali moja tu leo. Askari akimshika mtu bila hati ya hakimu, sababu ya kumshika iwepo lini? Kabla ya kumshika, au ana ruhusa kuitafuta baadaye mifukoni mwake?

Swali hili si geni kwetu. Maelfu waliokusanywa Nairobi tarehe 24 Aprili 1954 hawakuulizwa kwanza wametenda nini, waliulizwa kabila. Kisha wengine wakapitishwa mbele ya mtu aliyevikwa gunia. Gunia likitikisa kichwa, imekwisha.

Sasa tusimulie kesi ya Marekani, maana katiba ya huko, kwa nyongeza yake ya nne ya 1791, hairuhusu mtu kushikwa pasipo sababu ya kutosha.

Tarehe 10 Novemba 1961, katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, mtu mmoja alikuwa akiendesha gari lake. Askari wakamsimamisha, wakamshika. Hati hawana. Wakapekua gari, wasione kitu. Wakampeleka stesheni, wakampekua mwilini. Chini ya soksi wakakuta bahasha ya karatasi za kamari.

Wako watakaosema: basi si wamempata? Korti za Ohio nazo zikashikilia hukumu.

Kesi ikapanda mpaka korti ya juu kabisa ya Marekani, nayo mwaka 1964 ikauliza askari walijua nini kabla ya kumgusa. Askari alikuwa amesema alisikia habari. Habari gani? Hakueleza. Za nani? Hakueleza. Aliijua sura ya mtu yule, na kwamba zamani alipata kesi za kamari. Hayo tu! Kwa hesabu hiyo, aliyekosa mara moja angeshikwa kila Jumatatu.

Jaji Potter Stewart akaandika kwamba nia njema ya askari peke yake haitoshi. Ingetosha, usalama wa raia ungekuwa kwa hiari ya polisi tu. Hukumu ikafutwa, na karatasi za soksini hazikuiokoa.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 49, yamtaka aliyeshikwa aambiwe sababu upesi, kwa lugha anayoifahamu. Basi tukienda stesheni kumwona ndugu yetu, kabla ya habari ya dhamana tumwulize: uliambiwa nini, na saa ngapi? Jibu tuliandike pale pale.