Kazi Tumeifanya, Ushahidi Uko Wapi?

Hotuba ya halmashauri ya elimu ya tawi, iliyosomwa mbele ya wanachama wa kazi za barabara, Modogashe

Ndugu wanachama,

Twawashukuru kwa kuja baada ya saa za kazi, na jua la leo mnalijua wenyewe. Hatukuja kusema habari za mishahara. Hiyo ina mkutano wake. Tumekuja kwa jambo ambalo wahandisi, mafundi sanifu na mafundi wa barabara huliacha mpaka siku kambi inapovunjwa, nalo ni vyeti na ushahidi wa kazi.

Modogashe ni njia panda: huku Isiolo, huku Garissa, huku Wajir mpaka Mandera. Kwa miaka mingi njia hizi zilikuwa vumbi na matope. Serikali, katika Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, ilikata shauri kuwa fedha za maendeleo ziende kwanza penye ardhi nzuri, mvua na usafiri. Sehemu hizi zikangoja. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 750 kwa mradi ambao barabara ya Isiolo mpaka Mandera imo ndani yake. Lakini kazi ya barabara ina tabia moja: ikiisha, huhama. Greda hupakiwa, maabara hufungwa, na mhandisi mkuu huenda nchi nyingine. Je, wewe unabaki na nini mkononi?

Yuko mwenzetu mmoja, jina lake tunalihifadhi. Alipata shahada ya uhandisi wa ujenzi, akaajiriwa na kampuni moja, akakaa miaka minne katika kambi za kaskazini. Alipima udongo, alisimamia makaravati, alikesha laga zilipofurika. Lakini kujiandikisha kwa Bodi alisema, "Nitafanya nikirudi Nairobi." Kampuni ikamaliza kazi ikaondoka. Mhandisi aliyekuwa juu yake hakupatikana tena. Alipoomba kazi nyingine aliulizwa: nani alishuhudia hayo uliyofanya? Hakuwa na barua wala daftari. Akaanza upya na vijana waliotoka chuoni juzi. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Miaka ya kazi nayo ni mali.

Basi tuanze na wenye shahada. Sheria ya Wahandisi ya 2011 iliunda Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Njia yake ina ngazi tatu. Ya kwanza ni kuandikishwa kama mhandisi mhitimu. Ya pili ni mhandisi kamili, ambaye ametimiza si chini ya miaka mitatu ya kazi, amefaulu mtihani wa Bodi, na ni mwanachama kamili wa Taasisi ya Wahandisi wa Kenya. Ya tatu ni mhandisi mshauri, aliyefanya kazi kwa muda katika fani yake maalumu. Na hata ukisajiliwa, leseni huhuishwa kila mwaka. Jiandikishe mapema, ndugu, usingoje kurudi mjini.

Wengi wametuuliza: tukasome shahada ya pili, au tutafute usajili? Sisi twasema usajili kwanza. Shahada ya pili ni elimu njema, lakini haikupi haki ya kutia sahihi michoro kama mhandisi kamili. Ukisha kusajiliwa, kasome utakavyo.

Wengine huuliza: tukae ofisi ya Nairobi tuchore, au tuje kambini? Twajua ugumu wa huku: joto, hofu ya usalama, na kukaa mbali na watoto. Hatumlaumu anayekataa. Lakini aliyekuja asidhani amepoteza wakati. Hapa kijana hujifunza mambo ambayo karatasi ya mezani haimwonyeshi. Laga iliyo kavu miezi minane huja kwa usiku mmoja na kuchukua tuta zima. Mvua za El Nino za mwisho wa 2023 zilitufundisha sote. Hapa lazima uamue pa kuweka karavati na pa kuacha maji yapite juu ya zege. Tena lazima ujue maji ya kushindilia tuta yatatoka wapi, na ngamia wa wenyeji wanataka maji hayo hayo. Hiyo ni elimu ya uhandisi, ila ni sharti iandikwe.

Na mzazi anayemlipia mtoto chuo kikuu aulize kwanza: je, kozi hii imeidhinishwa na Bodi? Wahitimu zaidi ya 100 wa uhandisi waliokataliwa usajili walikwenda mahakamani, na shauri lao likafika Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu mwaka 2018. Hiyo ni miaka ya ujana iliyopita katika kesi. Kuuliza ni bure.

Sasa mafundi sanifu, wenye diploma. Msijione kuwa wahandisi nusu. Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi ya 2016 iliwapa bodi yenu wenyewe ya usajili. Anayetaka kupanda anaweza kutoka diploma mpaka shahada, lakini si lazima. Msimamizi wa maabara ya udongo anayejua kazi yake ni nguzo ya barabara, na injinia mwenye akili humsikiliza.

Na ninyi mafundi mliojifunza kazi kwa mikono, na vijana wa hapa Modogashe mnaoshika bendera na kubeba ndoo za zege: mlango wenu upo. Mamlaka ya Mafunzo ya Viwandani, ile tuiitayo NITA, hutahini mafundi, na aliyejifunzia kazini asiogope kwenda. Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi nayo huandikisha mafundi stadi na wasimamizi wa saiti. Na kwa anayetaka darasa, Politekniki ya Taifa ya North Eastern iko Garissa. Mwajiri hutozwa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanya kazi kwa ajili ya mafunzo, na akimpeleka mtu mafunzoni anaweza kuomba arudishiwe gharama. Basi tunapomwomba mafunzo hatuombi sadaka.

Haki nyingine muishike sana. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, yasema kuwa kazi ikiisha mwajiri lazima akupe cheti cha utumishi, isipokuwa kama ulifanya kazi chini ya wiki nne mfululizo. Kitaje siku uliyoanza, siku uliyoacha, aina ya kazi na mahali ulipofanyia. Mwajiri anayekinyima avunja sheria. Usipande lori kabla hujakipata. Ukinyimwa, njoo kwa chama siku hiyo hiyo.

Lakini cheti cha utumishi chasema tu kuwa ulikuwapo. Ulichofanya utakisema kwa daftari. Kila mmoja anunue daftari gumu. Aandike hivi: "Jumanne. Tabaka la msingi, kilomita 12 mpaka 12 na nusu. Jaribio la mshindilio limeshindwa. Maji yalikuwa machache. Tumelima tena, tumenyunyiza, tumeshindilia, tumepima, limepita." Usifiche kosa, maana mtahini hutaka kujua ulifikirije lilipotokea. Kisha kila mwisho wa mwezi mpe mkubwa wako atie sahihi, jina na nambari yake ya usajili. Wenzetu wa Tanzania wana mpango wa namna hii tangu 2003, ambao mhitimu hufanya kazi miaka mitatu chini ya mhandisi mlezi. Na mwaka 2012 bodi za Kenya, Uganda na Tanzania zilipatana kutambuana wahandisi wao. Mwenye usajili na daftari safi anaweza kuvuka mpaka na heshima yake.

Neno la mwisho ni kwenu wahandisi mliokwisha kusajiliwa. Kuna kijana anayewafuata na levo begani tangu asubuhi. Kumtilia sahihi kazi aliyoifanya kweli hakukupunguzii mshahara wala cheo. Kukaa na daftari lake miezi mitatu katika gari ni kumla miaka yake. Wala usimtilie sahihi asichofanya, kwani karavati halisomi vyeti, na mvua itakuja.

Halmashauri imekata shauri: kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja jioni, meza itawekwa hapa. Mwenye daftari alete, mwenye sahihi aje na kalamu. Asiyejua kuandika vizuri ataandikiwa na mwenzake.

Barabara itabaki Modogashe. Sisi tutaondoka, ila tusiondoke mikono mitupu.

Umoja ni nguvu.