MIPANGO BORA YA MAZOEZI NA KUREKODI KWA VIKUNDI VYA MUZIKI VYA WANAFUNZI

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Walimu Wakuu, walimu wa sanaa, wazazi na viongozi wa vikundi vya wanafunzi)

Visiwa vyetu vina jadi kongwe ya muziki. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kiliasisiwa mwaka 1905, na mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kutia sauti yake katika santuri. Upande mmoja wa santuri ya zama zile ulichukua kiasi cha dakika 3 tu, hivyo wimbo ulilazimika kupimwa mapema. Leo mpaka huo haupo, lakini funzo lake limebaki: chumba cha kurekodia si mahali pa kujifunzia wimbo.

Ndugu zangu, jambo la kwanza ni mazoezi. Kila kikundi kiwe na daftari linaloonesha jina la wimbo, maqamu yake, muda wake, na mahali ambapo udi, kanuni au fidla itapiga peke yake. Wapiga ala wakutane kwanza; waimbaji wajifunze beti zao kando; kisha wote wakusanyike pamoja. Ratiba ipelekwe kwa Mwalimu Mkuu na wazazi, isigongane na mitihani wala madrasa, na kila mtoto awe amefika kwao kabla ya Magharibi.

Jambo la pili ni kurekodi. Tuchukulie kikundi kimekodi chumba kwa saa 4. Kufunga vipaza sauti na kuvipima kutachukua saa moja. Mapumziko na kufungasha vyombo, nusu saa. Zinabaki dakika 150. Wimbo wa dakika 10 ukipigwa mara 3 na kusikilizwa mara moja, umekula dakika 40. Basi zipangwe nyimbo 3, si 8, na dakika 30 zitakazobaki ziwe za marekebisho. Kanuni ina nyuzi zipatazo 70 na zaidi. Zilinganishwe kabla ya saa za kukodi kuanza, kisha zikaguliwe tena ndani.

Jambo la tatu, na ndilo kubwa, ni usalama. Wataalamu wengi huchukua desibeli 85 kwa saa 8 kuwa ndio ukomo wa sauti kwa siku. Kila zikizidi desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa hivyo zikifika desibeli 94, muda ni saa moja tu. Spika zisielekezwe masikioni mwa watoto. Waya zilizochunika zisitumike, na asiguse mtu kipaza sauti au chombo cha umeme akiwa na mikono au miguu iliyorowa.

Umeme ulipokatika Unguja kwa kiasi cha mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa takriban miezi 3 kuanzia Disemba 2009, wengi tulitegemea jenereta. Mashine hiyo hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Chumba cha kurekodia hufungwa madirisha ili kelele zisiingie. Hewa hiyo ikipenya, haina pa kutokea. Kwa hivyo jenereta isiwekwe ndani, ukumbini wala barazani. Ikae uwanjani, mbali na milango na madirisha. Akitokea mmoja kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu au kichefuchefu, wote watoke nje mara moja, na mgonjwa apelekwe hospitali.

Kwa kumalizia, naomba kila skuli iteue mtu mzima mmoja atakayekagua mambo haya kabla ya chombo chochote kuwashwa. Asiporidhika, shughuli iahirishwe, hata kama kodi ya chumba imekwisha kulipwa. Wimbo ulioharibika hupigwa tena. Uhai wa mtoto haurudi.