Mpango wa stima wa miaka 20 na chumba kisicho na mita

Maelezo kwa wakazi wa Kibera na Kawangware



Kati ya saa moja na saa tatu usiku ndipo mitambo ya umeme nchini hulemewa zaidi. Taa zimewashwa, majiko ya koili yamewaka, kinyozi bado ana wateja. Mpango wa taifa wa umeme, unaotazama miaka 20 mbele, hujengwa juu ya saa hizo: nchi itahitaji megawati ngapi, na zitatoka wapi kwa gharama nafuu, iwe ni mvuke wa Olkaria, maji ya Mto Tana, jua, upepo, au umeme wa kununua Ethiopia.

Kukadiria vibaya kuna bei yake. Mitambo ya upepo ya Turkana, 365 yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini laini ya kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikamilika mwaka 2018. Upepo ulivuma, stima haikufika, na fidia ikabidi ilipwe.

Hayo ni makosa makubwa yanayoonekana. Kosa linalowagusa wakazi wa mitaa hii ni dogo na hujificha kwenye ploti. Mpango humwona mteja kupitia mita. Ploti yenye vyumba 10 na mita moja huhesabiwa kama mteja mmoja. Chumba kinachopata stima kwa waya wa sambaza hakihesabiwi kabisa, ingawa mpangaji hulipa kila mwezi kwa aliyemvutia waya.

Matokeo huonekana kwenye transfoma. Transfoma ya kilovolti-ampea 315, ambayo ni kubwa kwa mtaa, hubeba takriban kilowati 300. Jiko la koili hula kilowati 1 au zaidi. Vyumba 300 vikiwasha majiko kwa pamoja, transfoma imejaa, na taa, friji na mashine ya kuchomelea vyuma bado hazijahesabiwa. Ikiungua, giza humpata pia jirani anayenunua tokeni kila wiki.

Kuna hasara nyingine ambayo wapangaji wengi hawaijui. Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya stima ya nyumbani ni ya mteja asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi. Vyumba 10 vinavyotumia yuniti 20 kila kimoja vingestahili bei hiyo, kila kimoja kikiwa na mita yake. Kwenye mita moja ni yuniti 200, na wote hutozwa kama nyumba kubwa ya Lavington. Maskini hulipa bei ya tajiri kwa sababu ya idadi ya mita tu.

Njia ya kurekebisha inajulikana. Kwa miaka mingi Kenya Power ilikata nyaya haramu mchana, zikarudi usiku. Kisha, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ikaanza kwa kuzungumza na wakazi wenyewe na kuunganisha nyumba kwa shilingi 1,160, wakati ada ya kawaida ilikuwa 35,000. Kati ya Mei 2014 na Mei 2015, nyumba zilizounganishwa kihalali katika mitaa ya mabanda nchini zilipanda kutoka 5,000 hadi zaidi ya 150,000. Si kila mmoja aliyebaki na mita yake. Mahali ambapo walanguzi wana nguvu, waya wa sambaza hurudi haraka.

Kaunti haiuzi stima. Hata hivyo, Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi na kuuwasilisha kwa waziri, ili uingizwe katika mpango wa taifa. Hapo ndipo chumba kisicho na mita kinaweza kuhesabiwa.

Kwa hiyo, vikao vya ushiriki wa umma vinapotangazwa katika wadi, kilio kwamba stima hupotea hakitoshi. Mhandisi hawezi kukiandika kwenye hesabu zake. Kinachohitajika ni idadi ya vyumba katika ploti, mita zilizopo, mashine za biashara na saa zinapowashwa, pamoja na mahali ilipo transfoma inayoungua mara kwa mara. Wenye ploti waje pia, kwani bila idhini yao mpangaji hawezi kufungiwa mita yake.