Ngozi ya Kuazima Mwilini



Katika kila watoto 2,000 hadi 3,000 wanaozaliwa duniani, mmoja hivi huzaliwa na vidole vilivyoshikana. Mara nyingi kile cha kati na cha pete. Kwa hesabu hiyo, ni wilaya chache mno, hapa kwetu na katika nchi jirani, zisizo na mtoto wa namna hiyo.

Wako wanaodhani kwamba dawa yake ni wembe au uzi wa kukaza. Dhana hiyo ni ya hatari. Vidole viwili vilivyoungana vimefunikwa na ngozi moja. Vikitenganishwa, kila kimoja hudai ngozi yake kamili. Kwa hesabu ya duara, ngozi inayohitajika huizidi ile iliyokuwapo kwa karibu asilimia 22. Pengo hilo likiachwa wazi, kovu hukaza, kidole hupinda, na mtoto hubaki na mkono mbovu kuliko ule aliozaliwa nao.

Ndiyo maana daktari mpasuaji hukata kwa mstari wa pembepembe, hutumia ngozi ya mgongo wa mkono kutengeneza kitako kipya baina ya vidole, kisha huazima kiraka cha ngozi mahali pengine mwilini. Swali ni: aazime wapi? Ngozi nyembamba hushika upesi, lakini hunywea baadaye. Kwa hiyo kiraka cha unene kamili ndicho kinachopendelewa. Kinena kina ngozi tele, na kovu lake hufichika. Walakini ngozi hiyo huweza kuota nywele mtoto akibalehe, na huwa nyeusi mno ikiwekwa kiganjani. Ngozi ya upande wa ndani wa kiwiko hukaribiana zaidi na ile ya mkono, lakini kovu lake huonekana. Ile ya ukingo wa kiganja au ya uvungu wa wayo hulingana na kiganja kwa rangi, ila ni haba. Ipo pia njia ya kusogeza ngozi ya mgongo wa mkono pasipo kuazima kokote. Hiyo hufaa pale ambapo muungano si mzito.

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ngozi hii husitiri, lakini kwa masharti. Mtoto afikishwe mapema, kwa kawaida kabla ya kutimiza miaka miwili, na mapema zaidi ikiwa kilichoshikwa ni kidole gumba. Pande mbili za kidole kimoja zisipasuliwe kwa mara moja, damu isije ikakatika. Na bandeji iangaliwe kwa majuma kadhaa, kwani kiraka kikitikisika au kikioza, ngozi iliyoazimwa imepotea.

Hapo ndipo lilipo suala lenyewe. Ujuzi huu si mgeni kwetu. Mwaka 1957, shirika la AMREF liliasisiwa Nairobi na madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote wakiwa mabingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Huko Uganda, hospitali ya CoRSU iliyopo Kisubi ilifunguliwa mwaka 2009 kwa ajili ya kazi ya namna hii, hasa kwa watoto. Na tangu mwaka 1999 nchi zetu zina Chuo cha Madaktari Wapasuaji, COSECSA, chenye makao yake makuu Arusha.

Lakini bingwa peke yake hatoshi. Mama aliyesafiri kutwa nzima hawezi kurudi kila juma kubadilisha bandeji. Hapana budi mganga wa zahanati afundishwe kumtambua mtoto huyo siku anapozaliwa, na kulitunza jeraha atakaporejea kijijini.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Nchi jirani zikishirikiana, na hospitali kubwa ikashikana mkono na zahanati, mtoto huyo ataishika kalamu na jembe kama wenziwe.