Kijana Anayezirai Gwarideni Si Mvivu



Ni Jumatatu asubuhi, wanafunzi wako gwarideni na jua limeanza kuchoma. Msichana wa kidato cha pili anaona giza, moyo unamwenda mbio, anaanguka. Mara ya kwanza anaambiwa hakula. Mara ya pili, anakwepa kazi. Mara ya tatu, mtaani wanasema ni mimba, kifafa au amerogwa. Mwishowe anaacha shule.

Mwili una neva zinazoendesha moyo, shinikizo la damu na jasho bila mtu kuamua. Tunaposimama, damu huteremkia miguuni, na neva hizo hubana mishipa ili damu ifike kichwani. Kwa baadhi ya vijana, hasa wasichana waliobalehe, kazi hiyo haifanyiki sawasawa. Aina moja ya tatizo hili ilipewa jina na madaktari mwaka 1993, nayo kwa kifupi huitwa POTS.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine ghali. Kijana hulala chali dakika 10, mapigo ya moyo yakahesabiwa, kisha husimama dakika 10, yakahesabiwa tena. Yakiongezeka kwa 40 au zaidi kwa dakika, bila shinikizo kushuka, amwone daktari. Daktari ataangalia kwanza upungufu wa damu, malaria, mimba na ugonjwa wa moyo.

Anayezirai akikimbia, anayeumwa kifua, au ambaye jamaa yake alifariki ghafla akiwa kijana, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Matibabu mengi ni ya kawaida: maji ya kutosha, mazoezi ya miguu, kuinuka kitandani polepole, na chumvi ya ziada kwa ushauri wa daktari pekee. Huku kwetu, ambako maji mara nyingi huchotwa kwenye mchanga wa mto, chupa ya maji darasani si anasa kwa mtoto huyu. Ni dawa.

Walimu, mruhusuni akae gwarideni, anywe maji darasani na apewe masomo aliyokosa. Akizirai, mlazeni na kuinua miguu yake. Asiadhibiwe.

Vijana wengi hupata nafuu wanapokua, lakini waliokwisha kuacha shule hurudi kwa shida. Kumpa kiti hakugharimu chochote.