Asubuhi kwa Jioni: Saa ya Kupandisha Ng'ombe

(Hotuba kwa vikundi vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa)



Leo tuzungumze juu ya hasara ambayo haionekani. Ng'ombe anapandishwa, hashiki. Siku 21 zinapita, pesa imekwenda, ndama hakuna. Halafu tunasema, "Mbegu ilikuwa mbaya," ama, "Daktari ametudanganya." Pengine shida ni saa.

Jambo hili lilichunguzwa huko Marekani na Profesa George Trimberger. Aliwapandisha ng'ombe kwa A.I. kwa nyakati mbalimbali, akaona ni wakati gani wanashika mimba zaidi. Chuo Kikuu cha Nebraska kilichapisha matokeo hayo mwaka 1948. Kutokana na kazi hiyo tumepata kanuni rahisi: ukiona joto asubuhi, apandishwe jioni. Ukiona jioni, apandishwe kesho yake asubuhi.

Kwa nini? Joto la ng'ombe huchukua kama nusu siku, pengine zaidi kidogo. Lakini yai halitoki wakati huo. Linatoka kama masaa 10 hadi 12 baada ya joto kuisha, na likishatoka halikai sana. Mbegu za dume nazo zinahitaji masaa kadhaa ndani ya kizazi kabla hazijawa tayari, na nguvu yao ni ya kama siku moja. Ukiharakisha mno, mbegu zinachoka zikingoja yai. Ukichelewa, yai limeharibika.

Basi tufanye hivi:

1. Tumtazame ng'ombe asubuhi, mchana na jioni. Dalili kubwa ni kusimama tuli akipandwa na wenzake. Kama yuko peke yake zizini, angalia kelele, kutotulia, maziwa kupungua, na ute unaong'aa ukining'inia nyuma.

2. Tuandike tarehe na saa. Daftari la mtoto wa shule latosha.

3. Ukiona damu kidogo, joto limeshapita. Usiite daktari siku hiyo. Anza kumtazama tena baada ya siku 18 hivi.

Sasa neno moja la nyumbani. Nani anaona joto kwanza? Mara nyingi ni mama anayekamua alfajiri, ama kijana anayekata nyasi. Lakini pesa iko kwa baba, na baba amesafiri mpaka kesho kutwa. Wazee wangu, hapo ndipo saa inapotea! Anayeona joto awe na ruhusa ya kumwita daktari. Kikundi nacho chaweza kuweka akiba ndogo ya kazi hiyo, irudishwe maziwa yakilipwa.

Maswali ya kujadili kikundini:
- Kwenu, ni nani mwenye ruhusa ya kumwita daktari?
- Ng'ombe wangapi wa kikundi wamepandishwa zaidi ya mara moja? Waliitiwa daktari saa ngapi?