Jiko Ndani, Tundu Limezibwa

Kila Juni hadi Agosti, baridi inaposhuka Nyeri, Othaya, Karatina na Nanyuki, jiko la makaa huhamia chumba cha kulala. Dirisha hufungwa, na matundu ya hewa juu yake huzibwa kwa matambara na magazeti. Kuna asubuhi majirani hulazimika kuvunja mlango.

Muuaji ni kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi, ndiyo maana watu huyaamini.

Ni rahisi kumlaumu mpangaji. Lakini ni nani aliyempangisha chumba cha mawe chenye sakafu tupu na bati lisilo na dari? Anaziba tundu kwa sababu anaganda. Kanuni mpya za kitaifa za ujenzi zilianza kutumika Machi 2025, badala ya zile za 1968. Wanapozitekeleza, wakaguzi wa kaunti wasiishie kwenye nguzo na ngazi. Waangalie pia kama nyumba inahifadhi joto huku ikipitisha hewa. Dari si anasa huku mlimani.

Nawe msikilizaji, usiku wa leo jiko litoke nje kabla hujalala.